India niliyoisoma kupitia majina: nani kaandikwa, wapi, na kwa kalamu ya nani

#1 Mpwa wa Mtoni

Wakuu, habari za Jumapili.

Juma lililopita mdau mmoja aliandika humu kwamba India tunaijua vya kutosha: sinema za kuimba kwenye mvua, hospitali za figo na kaunta ya duka. Sikumjibu, maana mimi mwenyewe nilipanda ndege na mzigo huohuo kichwani. Nilikwenda Pune, mji wa magharibi mwa India, kusoma takwimu, nikakaa miaka minne. Takwimu nimeshasahau nusu. Kilichobaki ni swali nililoulizwa wiki ya kwanza nikitafuta chumba.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole, akanikaribisha na chai. Akauliza jina, nikamtajia. "Jina kamili?" Nikaongeza la baba na la babu. Akaendelea kunitazama kama mtu anayesubiri chenji yake. Mwisho akauliza kama nakula nyama, kisha ghafla akakumbuka kwamba chumba kina mtu.

Nilijua ni rangi, na rangi ilikuwemo, sitaki kuidogosha. Ila mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa Maharashtra, jimbo lenye mji huo wa Pune, alicheka nilipomsimulia. Akasema mzee alikuwa anatafuta ukoo, kwa kuwa kule jina la ukoo mara nyingi ndilo linaloeleza kama babu yako alikuwa kuhani, mfanyabiashara, mkulima au mzoa mizoga. Langu halikumwambia kitu, ndiyo maana alichelewa kunikataa. La huyo mwenzangu lilikuwa linamaliza maelezo yote kabla hajapewa kiti.

Tangu hapo nikawa nasoma vitabu vyao na historia yao kwa jicho hilo la majina. Naomba niwashirikishe nilichokiona, nanyi mnikosoe.

Wengi wetu tukitajiwa India tunaruka moja kwa moja kwa Gandhi. Mitaani Pune sanamu niliyokutana nayo kila mara ni ya mtu mwingine: mnene kidogo, miwani, suti ya buluu, tai, kidole kimenyooshwa mbele na mkono mwingine umekumbatia kitabu. Ni Bhimrao Ambedkar, na kitabu chenyewe ni Katiba. Nilizoea sanamu za mashujaa wenye panga na farasi. Huyu kashika kitabu, na sanamu zake nyingine zimewekewa wavu wa chuma kwa sababu kuna watu huja usiku kuzivunja.

Alizaliwa 1891 katika jamii ya Wamahar, waliohesabiwa kuwa najisi hata kuwagusa. Yeye mwenyewe ameandika kuhusu shule yake: alikaa kwenye kipande cha gunia alichotoka nacho nyumbani, na jioni alikibeba kurudi nacho, kwa kuwa mtumishi wa usafi hakukubali kukigusa. Akishikwa na kiu, bomba hakuruhusiwa kulishika. Tarishi ndiye alimfungulia. Siku tarishi hayupo, hakuna maji.

Mtoto huyo alikuja kuchukua shahada za udaktari New York na London, na mwaka 1947 akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba. Ibara ya 17 ilifuta desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi wasioguswa. Katiba ilianza kufanya kazi tarehe 26 Januari 1950.

Lakini kabla ya Katiba kulikuwa na bwawa. Mji wa Mahad, upande wa Konkan, yaani pwani ya magharibi, ulikuwa na bwawa la umma liitwalo Chavdar. Halmashauri ya mji ilishapitisha kwamba kila mtu ana haki ya kuchota. Azimio likabaki kwenye karatasi, watu wakabaki na ndoo tupu. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar akaongoza maelfu ya watu mpaka ukingoni, akainama, akanywa kwa kiganja. Wengine wakafuata. Siku hiyohiyo walipigwa, na baadaye watu wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa kwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Yaani ng'ombe anasafisha mahali alipokunywa mtu. Kesi ilikwenda mahakamani, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Bombay ya kuwapa haki ilitoka 1937. Miaka kumi kwa ajili ya maji ambayo kwa karatasi yalikuwa yao.

Miaka mitano baada ya Mahad, mwandishi Premchand alitoa hadithi fupi ya kisima cha bwana mkubwa wa kijiji. Mume mgonjwa ana kiu, maji ya kwao yananuka mzoga. Mke anatoka usiku kwenda kuiba ndoo moja ya maji safi. Anakaribia kufanikiwa, mlango unafunguka, anakimbia na kuacha ndoo. Akifika nyumbani anamkuta mume anakunywa yaleyale yanayonuka. Imekwisha. Kurasa chache tu. Niliisoma nikiwa nimekaa karibu na bomba la hosteli, na siku ile sikunywa maji hovyo.

Nitaendelea, kuna watu wananigongea.

#2 Kigogo wa Sandali

Nimeweka kiti mbele. Endelea mkuu.

#3 Chuma Ulete

Mleta mada umeandika vizuri lakini unatuuzia mbuzi kwenye gunia. Hao Wahindi tumekaa nao hapa Dar miaka mia na zaidi. Kila jumuiya na ukumbi wake, na makaburi yake, wanaoana wao kwa wao, mtoto wa Kiswahili akifika sebuleni ni wa kufagia. Sasa nikisoma habari za bwawa nasema afadhali, kumbe hata wenyewe kwa wenyewe wanabaguana. Tujifunze nini kwao?

#4 Mpwa wa Mtoni

Chuma Ulete, unalosema nimeliona kwa macho yangu, sitabisha. Wengi waliokuja pwani yetu walitoka Gujarat na Kachchh, na jamii za wafanyabiashara ndizo zilizotangulia. Mtu anayehama hubeba ndoa na mazishi yake. Ndiyo kumbi hizo. Ila ukiihukumu India nzima kwa kaunta ya Kisutu unawasahau mamilioni ambao huyo wa kaunta naye asingekaa nao meza moja. Mzoa taka wa Bombay hakuwa na nauli ya jahazi.

Unauliza tujifunze nini. Nianze na maneno mawili ambayo tayari tunayo.

Rajasthan ni jimbo la ukame. Mvua ikikosa, serikali hufungua kazi za vibarua: kuchimba mabwawa, kulima barabara. Miaka ya 1980 na 1990 wanavijiji walikuwa wakimaliza kazi wanalipwa pungufu ya kima cha chini. Wakihoji wanaambiwa daftari linaonyesha hamkufanya kazi ya kutosha. Wakiomba kuliona daftari, wanaambiwa ni siri ya serikali. Hebu fikiria, siri ya serikali ni jina lako mwenyewe na siku ulizochimba!

Mwaka 1990 wakaunda chama chao cha wakulima na vibarua, MKSS, makao yake nyumba ya udongo katika kijiji cha Devdungri. Pamoja nao alikuwepo Aruna Roy, mama aliyeacha kazi kubwa ya utumishi wa serikali, na Shankar Singh, mtu wa vikaragosi na vichekesho ambaye naamini alifanya kazi kubwa kuliko mawakili wote. Desemba 1994 wakaitisha kikao cha kwanza cha hadhara, jan sunwai, mahali panapoitwa Kot Kirana. Utaratibu ulikuwa rahisi kama msiba: turubai, mkeka, kipaza sauti. Mtu anasimama anasoma nakala za daftari kwa sauti. Fulani bin fulani, siku kadhaa, rupia kadhaa. Waliosikia majina yao wakasema hatukuwepo. Majina mengine yakasomwa, watu wakaguna: huyu tulishamzika. Jengo likasomwa kuwa limekamilika na kulipiwa, na wote waliokaa pale walikuwa wanaliona halina paa.

Na kaulimbiu waliyoipaza ni hii: Hamara paisa, hamara hisab.

Wakuu, nani anahitaji mkalimani hapo? Paisa ndiyo iliyotupa pesa. Hisab sisi na wao tumeitoa kwa Waarabu, ndiyo hesabu. Pesa zetu, hesabu zetu. Nilipoisikia mara ya kwanza kwenye mhadhara nilisisimka, nikamgeukia mwenzangu nikamwambia hiyo ni lugha ya kwetu. Akasema acha uongo. Nikamhesabia: kitabu, kalamu, habari, dunia, gari, laki. Laki hasa ilimmaliza, maana sisi bado tunahesabu shilingi kwa laki kama wao.

Mwaka 1996 wakakaa barabarani katika mji wa Beawar siku 40 wakidai nakala. Wauza mboga wakawa wanawapa mboga. Baada ya miaka mingi ya kusukumana ikapatikana sheria ya taifa ya haki ya kupata taarifa, 2005. Unaandika ombi, unalipa rupia 10, ofisi ina siku 30 za kukujibu. Maskini aliyeandikishwa kuwa maskini halipi kitu.

#5 Mzee Ngamiani

Vijana, mimi ni mtu wa Tanga na umri umekwenda. Useremala nilijifunza kwa Kalasinga mmoja pale mjini. Ukutani kwake palikuwa na ramani ya Punjab ya zamani, karatasi imegeuka rangi ya chai. Tukimuuliza kwenu wapi, anaweka kidole karibu na Lahore. Sasa sisi tukiwa watoto watundu tunamwambia, basi fundi wewe ni Mpakistani. Ataweka randa chini, atatoka nje, atarudi baada ya saa nzima. Hakutujibu hata siku moja. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Mpwa, hilo la kugawanya nchi hujaligusa.

#6 Mpwa wa Mtoni

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa hilo la ramani, nimelisoma mara tatu.

Mstari wa kutenganisha India na Pakistani, uliokosekana kwenye ramani ya fundi wako, ulichorwa na mwanasheria wa Kiingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India kabla ya Julai 1947. Alipewa kama majuma matano. Uhuru ulipatikana usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti, na mstari ukatangazwa tarehe 17. Kwa siku mbili watu walisherehekea uhuru bila kujua wako nchi gani. Kati ya watu milioni 10 na 15 walihama, Waislamu kwenda huku, Wahindu na Makalasinga kwenda kule, na makadirio ya waliokufa hufika milioni.

Vitabu vya historia vimenipa hizo tarakimu. Aliyenifanya nielewe kwa nini fundi alitoka nje ni Saadat Hasan Manto, aliyeandika kwa Kiurdu. Alikuwa mtu wa Bombay, mwandishi wa sinema. Akahamia Lahore mwanzoni mwa 1948, akafa huko 1955 akiwa na miaka 42, pombe imemmaliza, na kesi za kuandika matusi zimemwandama pande zote mbili za mpaka. Hadithi yake ya Toba Tek Singh inasimulia serikali mbili zinazokubaliana kubadilishana vichaa: wa Kihindu na Kisinga waletwe India, wa Kiislamu wapelekwe Pakistani. Orodha zinaandikwa, majina yanasomwa langoni. Kuna mzee Kalasinga anayetaka kujua jambo moja tu, kijiji chake kiko nchi gani, na hakuna ofisa anayejua. Mwisho anaanguka kwenye kipande cha ardhi kati ya nyaya za nchi mbili, ambacho si cha mtu. Katika hadithi nzima vichaa ndio wenye maswali ya maana.

Nadhani fundi wako alikuwa ndani ya hadithi hiyo, ila ameshika randa.

#7 Nuru ya Chumbageni

Mada tamu ila nimehesabu: mpaka sasa wanaume watupu, ukimtoa mama mmoja aliyeacha kazi na mwingine aliyeacha ndoo kisimani. Wanawake wa India hawakuandikwa popote?

#8 Mpwa wa Mtoni

Dada Nuru, umenibana. Nilikuwa nimelihifadhi.

Uchaguzi mkuu wa kwanza wa India ulianza Oktoba 1951 ukamalizika Februari 1952. Wapiga kura waliostahili walikuwa kama milioni 173, na watu 85 katika kila 100 hawakujua kusoma. Msimamizi alikuwa Sukumar Sen, mtu aliyesomea hisabati. Akapanga kila mgombea awe na sanduku lake lenye alama: jozi ya ng'ombe, kibanda, tembo, taa. Hesabu nzuri kabisa. Kisha watu wake wakaenda nyumba kwa nyumba kuandikisha, wakakwama mlangoni. Mwanamke anaulizwa jina, anasema mke wa fulani. Jina lako wewe? Mama wa fulani. Kumtajia mwanamume mgeni jina lako ilikuwa aibu. Sen akakataa kuandika "mke wa". Akasema taifa linamtaka mwenye jina. Karibu wanawake milioni 2.8 wakafutwa kwenye daftari kwa sababu hiyo.

Nimelifikiria sana jambo hili na bado sijui ningefanya nini ningekuwa Sen. Aliwanyima kura kwa sababu aliwaheshimu.

Kichekesho cha uchungu ni kwamba Ambedkar, aliyesimamia uandishi wa Katiba yenyewe, aligombea Bombay katika uchaguzi huo kwa alama ya tembo, akaanguka.

Na Pune kulikuwa na Savitribai Phule, karne nzima kabla. Mwaka 1848, yeye na mumewe Jyotirao walifungua shule ya wasichana katikati ya mji. Hakuwa amefikisha miaka 18. Akipita njiani kwenda kufundisha watu walimrushia matope na kinyesi, kwa hiyo alibeba sari ya akiba kwenye mfuko, akafika anabadilisha, anaanza somo. Alikufa 1897 kwa tauni aliyoambukizwa akihudumia wagonjwa. Leo chuo kikuu cha mji huo kina jina lake tangu 2014.

#9 Nuru ya Chumbageni

Hilo la "mke wa" limenigusa kuliko sari. Mtaani kwetu mimi ni Mama Yusra. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja na karatasi za kuhakiki kaya aliuliza jirani, "Mama Yusra anaitwa nani?" Jirani tumeishi naye miaka tisa, hakujua. Si kwa ubaya, Mama Yusra ni jina la heshima na nalipenda. Lakini siku ile nilitoka nje nikalitaja jina langu mwenyewe kwa sauti kama naitwa mahakamani.

Kwa hiyo hao milioni 2.8 siwacheki. Na huyo Sen simpi pongezi haraka kama wewe. Angeweza kutuma wanawake kuandikisha wanawake.

#10 Mpwa wa Mtoni

Hapo umenishinda dada. Sikuwaza hilo kabisa.

#11 Wakili Msafiri

Nimesubiri mmalize kusifia. Mambo mawili.

Kwanza, sheria ya taarifa. Amit Jethwa alikuwa anaitumia kufichua uchimbaji haramu wa mawe kandokando ya msitu wa Gir, kule Gujarat. Tarehe 20 Julai 2010 alipigwa risasi karibu na Mahakama Kuu ya Gujarat, na si yeye peke yake aliyeuawa kwa kuuliza. Mwaka 2019 bunge liliipa serikali mamlaka ya kupanga muda na mishahara ya makamishna wa taarifa, na mwaka 2023 sheria ya data binafsi ikapanua kisingizio cha kukataa: hili ni taarifa ya mtu, hatutoi. Sasa daftari la vibarua si limejaa taarifa za watu?

Pili, Premchand. Alikuwa Kayastha, tabaka la makarani. Aliandika juu ya kiu ya wengine akiwa ameshiba maji. Wadalit wenyewe, yaani hao waliohesabiwa najisi, wamemkosoa, hasa kwa hadithi yake ya baba na mwana wanaokunywa pombe kwa pesa ya sanda. Mbona hujatuletea aliyekaa kwenye gunia?

#12 Mpwa wa Mtoni

La kwanza nakubali lote, na la 2023 ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni jina lilelile limegeuzwa. Zamani waliandika majina ya marehemu ili wale pesa, sasa wanaficha majina ya walio hai kwa kisingizio cha kuwalinda.

La pili, uko sahihi nusu. Kisima cha Premchand nitaendelea kukitetea, ila hadithi ya sanda hata mimi ilinikera. Anayestahili kusomwa baada yake ni Omprakash Valmiki, aliyetoa kumbukumbu za maisha yake kwa Kihindi mwaka 1997. Kitabu kinaitwa Joothan, yaani makombo yanayobaki kwenye sahani ya mtu mwingine, ambayo jamii yake ya wafagizi ililipwa kama ujira. Baba yake alihangaika mpaka mtoto akaandikishwa shule. Jina likaingia kwenye daftari, lakini mwalimu mkuu akampa ufagio: siku mbili mtoto anafagia uwanja, wenzake wako darasani. Siku ya tatu baba anapita njiani, anamwona. Ukurasa huo sitausimulia, kausome.

Kitu ambacho sikukitarajia ni sura ya mwisho. Valmiki ni jina linalotaja wazi jamii yake, na yeye alilibeba makusudi kama jina la ukoo. Waliomshauri aliache hawakuwa wabaya wake. Walikuwa jamaa zake, waliokwisha kupata kazi na nyumba mjini na wakaogopa jirani akijua. Nilimkumbuka yule mwenzangu wa darasani. Mwaka wa pili alibadilisha jina la ukoo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, akaweka jina la katikati tu. Sikumuuliza.

#13 Kigogo wa Sandali

Mkuu swali la pembeni. Chumba ulipata?

#14 Mpwa wa Mtoni

Nilipata, kwa mama mjane, mwalimu mstaafu, upande wa pili wa mto. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama najua kubadilisha mtungi wa gesi. Jina langu aliliandika yeye mwenyewe kwa herufi zao kwenye sanduku la barua, akaruka silabi ya katikati. Sikumsahihisha. Miaka minne mtaa mzima uliniita hivyo, na mpaka leo akinipigia simu ya Diwali naitika.